Rorya Isipimwe kwa Dhahabu ya Tarime

Hadi mwaka 2007 Rorya na Tarime zilikuwa wilaya moja mkoani Mara. Zilipogawanywa, Tarime ilibaki na milima yake, kahawa yake na eneo la Nyamongo, ulipo mgodi wa dhahabu wa North Mara. Rorya ikachukua mwambao wa Ziwa Victoria: Shirati, Kinesi, mialo ya wavuvi na malisho ya ng'ombe. Leo zote mbili zina halmashauri za wilaya, zenye hadhi moja katika mkoa mmoja, na mwaka wa fedha unapofungwa mapato yao ya ndani husomwa katika orodha moja. Sheria inaipa halmashauri ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya asilimia moja ya mauzo ya kampuni zinazofanya biashara katika eneo lake. Mgodi mkubwa ukiuza dhahabu, asilimia hiyo ndogo hugeuka mabilioni ya shilingi. Dagaa wa mwaloni hawana uwezo huo, hata wavuliwe usiku na mchana.

Mkurugenzi wa Rorya akisimama mbele ya madiwani na kuulizwa kwa nini hakusanyi kama jirani yake, jibu lolote atakalotoa litasikika kama kisingizio. Mwenzake wa Tarime anaweza kuzembea kwenye minada, masoko na vibali vya ujenzi, na bado akapigiwa makofi. Wote wawili wamepewa alama kwa kitu kilichofukiwa ardhini kabla hawajazaliwa. Mwananchi naye, ambaye ndiye mwenye fedha, anatoka kikaoni bila kujua kama mtumishi wake amefanya kazi au hakufanya.

Kulinganisha halmashauri ni jambo jema, tena la lazima. Bila kulinganisha, hakuna anayejua kama zahanati yake inakosa dawa kwa sababu nchi nzima inakosa au kwa sababu mganga mfawidhi hakuagiza kwa wakati. Lakini kabla ya swali la nani wa kwanza na nani anaburuza mkia, lipo swali linalotangulia: halmashauri hii ipimwe pamoja na nani? Swali hilo linapuuzwa mno, na anayelijibu vibaya hupata matokeo mabaya hata kama takwimu zake zote ni sahihi.

Tanzania Bara ina halmashauri 184: majiji 6, manispaa, miji na halmashauri za wilaya 137. Ofisi ya Rais TAMISEMI, inayosimamia serikali za mitaa, imekuwa ikitoa taarifa za makusanyo ya mapato ya ndani na kuwataja vinara na walio mkiani, na mara kadhaa imezitenganisha halmashauri kwa hadhi zao ili jiji lilinganishwe na jiji na wilaya na wilaya. Ni hatua nzuri, na wizara inastahili pongezi kwa kuitoa hadharani mikeka hiyo ya matokeo. Ila hadhi ni kibandiko cha kiutawala. Kwa Sensa ya mwaka 2022, eneo la Jiji la Dar es Salaam, yaani Ilala ya zamani, lilikuwa na watu 1,649,912. Jiji la Tanga lilikuwa na watu 393,429. La kwanza lina Kariakoo, soko linalohudumia wafanyabiashara wa nchi nzima na wa nchi jirani. La pili halina Kariakoo na halitaipata kwa kuongeza mashine za POS. Yote mawili huitwa jiji, na hapo ndipo kufanana kwao kunapoanza kupungua.

Upande wa halmashauri za wilaya hali ni ngumu zaidi, maana kundi la 137 limechanganya kila aina ya maisha. Humo kuna wafugaji wa Longido na Simanjiro, wakulima wa korosho wa Tandahimba na wavuvi wa Ukerewe. Humo pia kuna Liwale, ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake ni hifadhi ya wanyamapori isiyolimwa wala kujengwa.

Korosho peke yake inatosha kuonyesha jinsi mkeka unavyoweza kupotosha. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai. Robo ya kwanza, Julai hadi Septemba, mikorosho ya Newala na Tandahimba inatoa maua na kuanza kuzaa; maghala ya vyama vya ushirika hayana kitu na ushuru wa mazao ni kama haupo. Oktoba minada inaanza. Magunia yanapangwa ghalani, wanunuzi wanataja bei zao, wakulima wanazikubali au kuzikataa. Ndani ya wiki chache halmashauri inaingiza fedha ambazo halmashauri yenye soko la kila siku huzikusanya kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Ukiichukua Tandahimba mwezi Septemba ukailinganisha na mji wenye stendi, leseni za biashara na machinjio, utamwita mkurugenzi wake mzembe. Ukiichukua tena mwishoni mwa Desemba, utamwita shujaa. Mtu ni yuleyule, na huenda hajabadili chochote katika utendaji wake.

Kisha ipo bei. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa hadi asilimia 3. Kwa kiwango hicho, korosho ikiuzwa shilingi 3,000 kwa kilo, halmashauri inapata shilingi 90; bei ikishuka hadi 2,000, inapata 60. Theluthi ya mapato imeondoka kwa uamuzi wa wanunuzi walioko maelfu ya kilomita kutoka Newala. Novemba 2018 serikali iliposimamisha ununuzi wa wafanyabiashara na kuamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300, halmashauri za Mtwara na Lindi zilijikuta zikisubiri maamuzi yaliyofanyika juu ya vichwa vyao. Kuzipanga mwaka ule sambamba na halmashauri za kahawa au za pamba kusingemwambia mtu yeyote lolote kuhusu juhudi za watumishi. Kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe, Newala na Tandahimba na Masasi, kungeeleza mengi: zimekumbwa na dhoruba moja, ni nani aliyeweza kulinda huduma zake?

Wengine hudhani dawa ya haya yote ni kupima kwa asilimia ya makisio, kwamba kila halmashauri ishindane na lengo ililojiwekea. Njia hiyo inavutia kwa sababu inaonekana kumpa kila mmoja kipimo chake. Ubaya wake ni kwamba anayepimwa ndiye anayeshika kalamu ya lengo. Mkurugenzi aliyekisia kwa ujasiri akafikisha asilimia 85 anaonekana dhaifu kuliko mwenzake aliyekisia kwa woga akafikisha asilimia 110. Mikutano ya bajeti inajua mchezo huu. Na mwaka unaofuata yule jasiri naye anajifunza kukisia kidogo, na taifa linabaki na orodha ya washindi walioshindana na vivuli vyao.

Kabla ya kutafuta wenza, ni muhimu kuuliza kazi yenyewe ni ya nani. Hapa makosa ni mengi, hata miongoni mwa waandishi wa habari. Barabara za vijijini na mijini ziko chini ya wakala wa TARURA tangu Julai 2017. Maji vijijini yamehamia wakala wa RUWASA tangu mwaka 2019. Hospitali za rufaa za mikoa, zikiwemo Temeke, Amana na Mwananyamala, ziliondolewa TAMISEMI na kupelekwa wizara ya afya mwishoni mwa mwaka 2017. Kodi ya majengo, ambayo miji mingi duniani huiegemea, ilihamishiwa mamlaka ya mapato, TRA, na tangu mwaka 2021 mwenye nyumba huilipa kupitia umeme wa LUKU. Halmashauri inayolaumiwa kwa barabara mbovu inapimwa kwa kazi ya chombo kingine. Mwananchi ana haki ya kukasirika na shimo la barabarani, lakini hasira ikielekezwa kwa asiye na bajeti ya kokoto, shimo linabaki palepale.

Basi wenza wa kweli hupatikanaje? Chukua Mafia. Kiutawala iko mkoa wa Pwani, pamoja na Kibaha, Bagamoyo na Mkuranga, na katika kikao cha mkoa huwekwa jedwali moja nazo. Mwaka 2021, katika mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19 uliogharimu shilingi trilioni 1.3, serikali ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, kila kimoja kwa shilingi milioni 20, na wakurugenzi wakatakiwa wakamilishe kabla ya wanafunzi wa kidato cha kwanza kuanza masomo Januari 2022. Milioni 20 ile ilikuwa ileile Kibaha, ambako lori la saruji hutoka Dar es Salaam asubuhi na kushusha mzigo kabla ya adhuhuri, na ileile Mafia, ambako mfuko huohuo husafiri hadi Nyamisati, hupakiwa chomboni, huvuka bahari, hushushwa Kilindoni na kupakiwa tena kwenye gari. Kila mkono unaogusa mfuko unalipwa. Bahari ikichafuka, fundi anasubiri na kibarua anasubiri, nao wanahesabu siku. Ukipanga halmashauri za Pwani kwa kasi ya kukamilisha madarasa, umepima umbali wa bahari ukaandika ni uzembe.

Ndugu wa Mafia katika hesabu hii yuko upande wa pili wa nchi. Ni Ukerewe, wilaya ya visiwa ndani ya Ziwa Victoria, ambako nondo, chanjo na mjamzito aliyeshindwa kujifungua vyote husubiri kivuko. Humo kuna Ukara, kisiwa ambacho taifa zima lilikijua kwa uchungu Septemba 2018 MV Nyerere ilipozama na kuua zaidi ya watu 220. Mganga mkuu wa Mafia akikaa meza moja na mwenzake wa Ukerewe, watazungumza lugha moja: mafuta ya boti, hali ya hewa, nani alale zamu kisiwani. Tofauti zipo, na si ndogo. Sensa ya 2022 iliikuta Mafia na watu 66,000 na kitu, Ukerewe zaidi ya 380,000. Kwa gharama ya usafiri ni wenza. Kwa gharama ya utawala kwa kila mkazi sivyo, kwa kuwa mkurugenzi, mweka hazina na ofisi zao hugharimu karibu sawa penye watu wachache na penye wengi.

Kutokana na hilo, wenza hawachaguliwi mara moja kwa kila jambo. Kwa mapato, Tarime itazamwe na Msalala, yenye mgodi wa Bulyanhulu, na Geita: zote zinapokea ushuru wa dhahabu, na swali linakuwa zimeufanyia nini. Hapo Tarime haitapata makofi ya bure tena. Rorya itazamwe na halmashauri nyingine za kandokando ya ziwa zisizo na mgodi. Kwa takataka, Temeke yenye watu 1,346,674 ilinganishwe na Kinondoni na Ubungo, na kwa tahadhari hata na Mombasa ng'ambo ya mpaka, kaunti yenye bandari na watu 1,208,333 kwa sensa ya Kenya ya mwaka 2019. Tahadhari hiyo ni ya lazima, maana kaunti ya Kenya ina madaraka mapana kuliko manispaa ya Tanzania. Kwa afya, kwa mfano, Mombasa inaendesha hospitali kubwa ya rufaa ambayo kwa Temeke ingekuwa mikononi mwa wizara.

Kenya yenyewe inalijua tatizo hili vizuri. Tangu mwaka 2013 kaunti 47 zimekuwa zikipangwa na kila mtu, kuanzia wakaguzi hadi kura za maoni zinazomtaja gavana bora wa mwaka. Vihiga ina watu 590,013 katika eneo lisilofika kilomita za mraba 600. Marsabit ina watu 459,785 waliotawanyika katika karibu kilomita za mraba 70,000. Muuguzi wa Vihiga anaweza kufikia kaya nyingi kwa miguu kabla ya saa sita mchana. Yule wa North Horr, huko Marsabit, huhitaji gari, mafuta, maji ya kunywa na siku nzima kuifikia manyatta moja. Anayezipanga kaunti hizi kwa gharama ya kila mtoto aliyechanjwa atatoa hukumu ambayo mtu yeyote aliyewahi kufika Marsabit ataikataa.

Narok ni mfano mwingine wa kufikirisha. Katika sera ya kwanza ya Tume ya Ugavi wa Mapato kuhusu maeneo yaliyoachwa nyuma, Narok ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 zilizostahili Hazina ya Usawazishaji. Wakati huohuo Narok ni miongoni mwa kaunti zinazokusanya mapato mengi ya ndani, kwa sababu ya viingilio vya Maasai Mara. Ukiuliza kuhusu fedha, rafiki zake ni kaunti tajiri. Ukiuliza kuhusu umbali wa mtoto hadi shule, rafiki zake ni Samburu na Pokot Magharibi. Majibu yote mawili ni ya kweli. Anayetaka jibu moja tu ataidhulumu Narok au ataibeba.

Norway ilikabiliana na suala hili mapema. Tangu mwaka 2001 kila manispaa ya nchi hiyo inalazimika kutuma takwimu zake katika mfumo uitwao KOSTRA, na idara ya takwimu imezigawa manispaa katika makundi kwa mambo matatu: idadi ya watu, gharama ambazo haziepukiki kutokana na muundo wa jamii na eneo lake, na fedha zinazobaki baada ya gharama hizo. Manispaa ndogo ya visiwani haisomwi pamoja na mji mkubwa. Oslo, ambayo ni manispaa na mkoa kwa wakati mmoja, kwa miaka mingi iliwekwa kundi la peke yake. La kutazama hapo ni kwamba bidii au uzembe wa kukusanya mapato haukuwa kigezo. Vigezo vilihusu mazingira ambayo meya huyakuta siku anapoingia ofisini.

Uingereza ilipita njia yenye miiba zaidi. Kuanzia mwaka 2002 tume ya ukaguzi ya serikali za mitaa ilizipa halmashauri za England alama moja ya jumla, kutoka bora kabisa hadi duni. Watafiti, wakiwemo Rhys Andrews na George Boyne, walionyesha kwamba sehemu ya alama hizo ilifuata hali ya eneo, hasa umaskini wa wakazi, mbali na ubora wa uongozi. Tume yenyewe ilifungwa mwaka 2015. Kilichobaki na kinachotumika sana ni chombo cha CIPFA, taasisi ya wahasibu wa sekta ya umma, kinachoipatia kila halmashauri orodha ya wenzake wa karibu kwa vigezo vya watu na uchumi. Nacho kina kasoro: mtumiaji anaweza kuchagua vigezo avitakavyo. Mtu akichagua vigezo baada ya kuona matokeo, hatakosa kundi litakalomfanya apendeze.

Tanzania ina ushahidi wake wa nyumbani, na unastahili kusomwa kuliko wa Ulaya. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi zilipangwa kwa matokeo ya darasa la saba, kitaifa na ndani ya kila wilaya. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia matokeo ya shule zote kati ya 2011 na 2016. Waligundua kwamba shule zilizokuwa chini kabisa ndani ya wilaya zao zilipandisha alama. Mwalimu mkuu wa shule ya kijijini alihisi joto la kuwa wa mwisho kati ya shule za jirani, ambazo walimu wake anakutana nao kwenye vikao na misiba. Rika la karibu lilimgusa.

Habari haikuishia hapo. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba shule zilizobanwa zilipunguza pia idadi ya watoto waliofika darasa la mtihani. Baadhi ya wanafunzi dhaifu waliondolewa njiani ili wastani upande. Yaani kulinganisha kulifanya kazi, na kulifanya madhara, kwa wakati mmoja, na waliolipa ni watoto waliohitaji shule kuliko wote. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Anayetaka kulinganisha halmashauri lazima kila mara aweke kando ya alama idadi ya waliofikiwa: wastani wa ufaulu uende na idadi ya watoto wa kundi hilohilo walioandikishwa darasa la kwanza, na akina mama waliojifungulia kituoni wahesabiwe pamoja na waliojifungulia nyumbani.

Kutokana na uzoefu huo, kazi ya kuunda marika ya halmashauri, yaani makundi ya wenza, inaweza kufanyika Tanzania bila fedha za kutisha. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu, majengo na anwani za makazi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inajua msongamano wa watu kila kata, umri wao, nyumba zenye umeme na hali ya makazi. Kinachohitajika ni uamuzi wa vigezo, na hapo ndipo ukali unapotakiwa. Kigezo kiwe kitu kisichobadilishwa na mkurugenzi wala baraza lake ndani ya miaka mitano: idadi ya watu, ukubwa wa eneo, sehemu ya ardhi iliyo hifadhi, kisiwa au bara, zao kuu, mgodi upo au haupo, umri wa halmashauri tangu igawanywe. Mapato yaliyokusanywa yasiwe kigezo cha kuchagua wenza wa mapato. Mtu akifanya hivyo, mzembe atawekwa na wazembe wenzake, wote watalingana, na uzembe utakuwa kawaida iliyothibitishwa kwa jedwali la serikali.

Marika yatangazwe kabla ya matokeo na yasiguswe mpaka sensa nyingine, isipokuwa halmashauri ikigawanywa. Kila halmashauri iwe katika marika machache: moja la mapato, moja la afya na elimu, moja la usafi na mipango miji. Kila rika liwe na halmashauri kumi au kumi na tano hivi, na majina yote yaonekane kwenye jedwali, kwa sababu wastani humficha aliyefanikiwa. Huyo aliyefanikiwa ndiye anayetafutwa. Ikionekana kwamba kati ya halmashauri za korosho moja imeweza kupeleka yote asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa mikopo kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hata mwaka bei iliposhuka, wengine hawana pa kujificha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: aliyefanya vizuri katika mazingira magumu anyanyuliwe mkono mbele ya wenzake wanaoyajua mazingira hayo.

Kuna pingamizi moja zito, na linatolewa na watu wenye nia njema. Wanasema marika yatakuwa godoro la kulalia. Halmashauri ya wafugaji italinganishwa na za wafugaji, zote zikiwa na watoto wasiojua kusoma, na mkurugenzi atasema yuko wastani. Hofu hiyo ni ya haki. Mtoto wa Simanjiro hana haki pungufu ya mtoto wa Moshi, na mama wa Ukara anayetoka damu hafarijiwi na habari kwamba Mafia nako boti huchelewa.

Kwa sababu hiyo jedwali liwe na safu mbili: ya rika na ya kiwango cha taifa. Safu ya rika inasema juu ya juhudi za mkurugenzi na watumishi wake. Safu ya kiwango inasema juu ya haki ya mwananchi, na mara nyingi anayepaswa kujibu hapo si mkurugenzi. Ni serikali kuu, inayopanga walimu, inayogawa ruzuku na kununua vivuko. Rika zima likiwa chini ya kiwango, hilo ni shitaka kwa Dodoma, na kumtumbua mkurugenzi mmoja mmoja hakutalifuta. Leo mambo haya mawili yamechanganywa kwenye namba moja, na ndiyo maana wakurugenzi huhamishwa na shule hubaki zilivyo.

Jambo lingine linalogusa mfuko wa walipa kodi ni ziara za mafunzo. Nchini Kenya ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimetaja mara nyingi fedha nyingi zinazotumiwa na kaunti kwa safari za ndani na nje ya nchi, na wawakilishi wadi wamezoeleka kusafiri mbali kutafuta mfano wa kuiga. Tanzania nayo ina madiwani wake wanaopakiwa kwenye basi kwenda kujifunza. Moshi imejijengea jina la usafi kwa miongo mingi, na ni haki yake. Lakini Manispaa ya Moshi ina eneo lisilofika kilomita za mraba 60, na diwani wa halmashauri yenye vijiji vilivyoachana kwa kilomita 40 atarudi na picha nzuri za barabara zilizofagiliwa. Ziara ingeelekezwa kwa mwenza wa rika aliyemzidi, yule mwenye vijiji vilevile, bajeti ileile na matope yaleyale ya masika, posho ile ingezaa kitu. Afisa masuuli asiidhinishe safari ya mafunzo ambayo haijataja ni kwa kigezo gani wenyeji wamechaguliwa.

Madiwani wasisubiri waraka kutoka juu. Kikao cha bajeti kinapofika, na mkurugenzi akaleta chati inayoonyesha halmashauri yao imewashinda watano, diwani aulize watano hao walichaguliwa na nani, lini, na kwa nini si wengine. Mwandishi wa habari wa mkoani aulize hivyohivyo kabla ya kuandika kichwa cha habari kuhusu aliyeburuza mkia. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ripoti zake zinasomwa na taifa zima kila Aprili, anaweza kuzipanga hoja zake za halmashauri kwa marika badala ya kwa mikoa.

Mwaka wa fedha ujao unaanza Julai 1. Takwimu za sensa zipo, ramani zipo, wataalamu wa TAMISEMI na wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu wapo Dodoma, jiji moja. Wakae, wachore marika ya halmashauri 184, na wayatangaze kabla namba ya kwanza ya robo ya kwanza haijasomwa.